Siku Neemani Ilipofumba Macho

Mambo haya yalitokea Neemani, nchi ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwetu, na viongozi wake hawafanani hata kidogo na mtu yeyote tunayemjua.

Watu wa Neemani wana sikukuu moja waipendayo kuliko zote, Sikukuu ya Mlangoni. Husimulia kwamba zamani, mwaka wa nzige, nchi ilishikwa na njaa, na mchana wa jua kali watu walijifungia ndani wakilala ili wasahau matumbo yao. Saa hiyo hiyo ya jua kali kulikuwa na mtu akipita na kapu nyumba hadi nyumba. Aliweka mtama mlangoni, akakohoa mara moja, akaenda zake. Wenye nyumba walipotoka walikuta mtama, mtu hakuna. Wengine wanasema alikuwa mjane, wengine wanasema alikuwa mrefu, wengine wanaapa alikuwa mfupi. Kwa kuwa alichokitoa hakikuwa haba, wakamwita Bibi Sihaba, na jina likabaki.

Basi tangu hapo, kila ifikapo sikukuu, mtu wa Neemani huchukua alichojaliwa, kuku, kanga, sinia la visheti, akakiweka kwenye mlango wa jirani mwenye shida, akakohoa na kukimbia. Aliyepewa hajui amshukuru nani, kwa hiyo huwa mpole kwa kila mtu mwaka mzima, maana huenda ni yule pale. Hata lugha yao ilifuata mkondo huo. Ukimkuta mtu ana viatu vipya unamwuliza, "Umekoholewa?" Naye anacheka, anasema, "Nimekoholewa, sijui na nani."

Mambo yakaenda hivyo vizazi na vizazi, bila tatizo lolote, mpaka serikali ilipogundua kwamba kulikuwa na tatizo.

Liligunduliwa na Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe. Siku moja kwenye Baraza la Mawaziri aliuliza, "Katika sikukuu iliyopita, nani alitoa zaidi ya wote?" Mawaziri wakatazamana. Hakuna aliyejua. "Na nani alishukuriwa?" Hakuna aliyejua hilo pia. Mlezi Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa hiyo," alisema, "ukarimu wote huo unazurura nchini mwangu bila msimamizi."

Baraza zima likashikwa na aibu. Kabla ya chakula cha mchana Wizara ya Ukarimu ilikuwa imeundwa, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kitojo, ambaye hapo awali alikuwa Waziri wa Mvua, hadi ulipotokea ukame ambao yeye mwenyewe aliueleza kuwa ni mvua iliyochelewa kupata kibali.

Mheshimiwa Kitojo akalihutubia taifa kwa redio. "Ndugu wananchi," alisema, "mmetoa vya kutosha. Pumzikeni. Mwaka huu serikali yenu sikivu itakohoa kwa niaba yenu."

Ikapigwa marufuku kwa raia kukohoa mpaka sikukuu ipite. Dawa za kifua zikaisha madukani. Mzee mmoja mwenye pumu alishikwa sokoni na kupelekwa kituoni, akakalishwa kwa heshima zote na kupewa chai ya tangawizi, akaachiwa alipotulia. Polisi wa Neemani si watu wabaya.

Ila sasa serikali ilihitaji mtu wa kukohoa.

Nyuma ya ukuta wa Uwanja wa Taifa, katika Mtaa wa Chekeche, aliishi mwanamke aliyeitwa Zamda Kilemile. Bi Zamda alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo Redio Neemani tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kabla ya kusoma alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo, kikohozi kimoja, kizito, cha heshima, na kikisikika tu nchi nzima iliweka vijiko chini. Hakuna mtu Neemani aliyekuwa hakijui kikohozi kile. Lakini alipostaafu, simu haikulia tena. Vijana wa redioni wakamsahau. Bi Zamda akawa anaomba chumvi dukani kwa sauti ya kutangaza, kwa matamshi safi, na mwenye duka akimpa chumvi huku akiongea na mtu mwingine. Hilo lilimwuma kuliko alivyokubali kusema.

Kwa hiyo gari jeusi la serikali liliposimama mlangoni kwake, moyo ulimlipuka kwa furaha kabla hata hajajua linataka nini.

"Mama," alisema Mheshimiwa Kitojo walipofika ofisini, "hebu kohoa."

Bi Zamda akakohoa.

Katibu muhtasi wa waziri aliangusha kikombe, akashika kichwa na kuuliza ni nani tena amefariki. Waziri akapiga meza. "Huyu huyu! Mama, kuanzia leo wewe ndiye Bibi Sihaba wa Taifa."

Alishonewa gauni jeupe lililoburura chini, akapewa viatu vyeupe, kapu la ukindu lenye nembo ya taifa, na gari lenye dereva. Dereva alikuwa Koplo Ngwembe, mtu mnene, mkimya, aliyetii amri zote kwa kufuata maneno yake neno kwa neno, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuadhibiwa wala kupandishwa cheo. Bi Zamda alipopita mitaani dirisha likiwa wazi, watu walimpungia mkono. Dukani, mwenye duka alimpa chumvi kwa mikono miwili. Alijisikia kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

Sherehe ya kwanza wizara iliifanya pale pale Chekeche, na mtu aliyechaguliwa kukoholewa alikuwa Asumini, jirani wa Bi Zamda, nyumba ya tatu kutoka kwake. Asumini alikuwa fundi wa nguo. Mafuriko ya masika yalikuwa yamebeba cherehani yake, na tangu siku hiyo alikuwa akifua nguo za watu ili yeye na mama mkwe wake wapate kula. Bi Zamda alifurahi mno aliposikia jina hilo. Zawadi yenyewe ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, iliyochorwa maua ya dhahabu.

Hotuba zikatolewa. Bendi ikapiga. Bi Zamda akaweka cherehani mbele ya mlango wa Asumini, akasogea kwenye kipaza sauti, akakohoa. Asumini akatoka huku akilia, akapewa karatasi na kusoma kwamba anamshukuru Mlezi Mkuu kwa kumkumbuka yeye binafsi, mama mkwe wake binafsi, na taifa kwa ujumla. Watu wakapiga vigelegele. Redio ikarusha yote moja kwa moja.

Wapiga picha walipomaliza kufunga vyombo vyao, na majirani walipokwisha kuifuata bendi, vijana wawili wa wizara waliinua cherehani na kuirudisha kwenye buti la gari.

"Mnaipeleka wapi?" Bi Zamda aliuliza.

"Mikoani, Bibi," walijibu.

Akamfuata waziri. "Mheshimiwa, si tumempa Asumini?"

"Tumempa," alisema Mheshimiwa Kitojo kwa upole. "Na taifa limeona kuwa tumempa. Lakini serikali imenunua cherehani moja, mama, na wananchi ni wengi. Je, ni haki tumwachie mtu mmoja? Yeye amepata tukio. Cherehani ni chombo tu cha kufanikisha tukio."

Bi Zamda alitaka kusema neno, lakini dereva alikuwa ameshamfungulia mlango, na watoto walikuwa wakiimba jina lake. Akaingia garini.

Wakazunguka nchi. Cherehani ile ile ikatolewa kwa mwalimu mkuu asiyejua kushona, kwa wafugaji waliouliza inakula majani gani, kwa kituo cha wazee, na kwa mwanamke mmoja wa kaskazini aliyeikumbatia na kukataa kuiachia, ikabidi mkuu wa mkoa amwimbie wimbo wa taifa ili asimame wima na mikono pembeni. Kila mahali Bi Zamda alikohoa, na kila mahali alishangiliwa. Njiani alijiambia kwamba kazi yake ni sauti, na mambo ya buti la gari yana wenyewe. Alijiambia hivyo mara nyingi, jambo ambalo mtu mwenye uhakika hana haja nalo.

Jioni ya kuamkia sikukuu walirudi mjini, tayari kwa kilele cha sherehe Uwanja wa Taifa mbele ya Mlezi Mkuu. Bi Zamda alivua gauni jeupe, akajifunga kanga, akaenda kwa Asumini kumsalimia.

Alikuta chumba kimejaa vitambaa. Vilikuwa kitandani, kwenye viti, juu ya kabati, vya kila rangi. Katikati yake aliketi Asumini na sindano ya mkono.

"Shoga, vitambaa vyote hivi ni vya nani?"

"Vya mtaa mzima," Asumini alijibu bila kuinua macho. "Walisikia redioni nina cherehani. Wakasema safari hii nguo za sikukuu watashonewa na mtu wao. Nikakataa, wakadhani ninaringa. Wakaviacha."

"Ungewaambia ukweli."

"Niwaambie Mlezi Mkuu alinipa kitu akakichukua? Alikuja kijana wa wizarani, mpole kweli, hata maji alikunywa hapa. Akaniambia, 'Mama, ukiulizwa, sema iko kwenye matengenezo ya kitaifa.'" Asumini aliacha kushona, akanyoosha vidole. Vilikuwa vimevimba na kutobokatoboka. "Juzi Mama Selu alikuja kuchukua gauni la mwanawe. Akachungulia ndani, hakuona cherehani. Akaniuliza nimeiuza kwa nani. Sasa mtaa wote unasema nimeuza zawadi ya Bibi Sihaba. Salamu yangu haiitikiwi, shoga. Mama mkwe anaogopa kwenda kisimani. Na kesho watakuja kudai nguo ambazo hazijashonwa."

Bi Zamda aliokota kitambaa kilichoanguka, akakikunja, akakirudisha kitini.

"Ila wewe sauti yako ilisikika vizuri sana," Asumini alisema, na alisema kwa wema kabisa, wala hakumaanisha ubaya.

Bi Zamda alirudi kwake akiwa ameinamisha kichwa. Sauti yake. Miaka yote aliwatangazia watu misiba ya kweli, na hakumdanganya hata mmoja. Sasa alikuwa amewatangazia furaha ya uongo, na aliyezikwa nayo alikuwa jirani yake.

Kesho yake Uwanja wa Taifa ulifurika. Jua lilikuwa utosini. Mlezi Mkuu aliketi chini ya mwavuli mkubwa, mawaziri kulia na kushoto kwake, na mbele yao, juu ya meza yenye kitambaa cha hariri, ilikaa cherehani. Mheshimiwa Kitojo alihutubia mpaka barafu ya vinywaji ikayeyuka. Alieleza kwamba ukarimu wa Neemani umepanda kwa kiwango ambacho nchi jirani zimeomba kuja kujifunza. Kisha akamkaribisha Bibi Sihaba wa Taifa.

Bi Zamda alisogea kwenye kipaza sauti. Katika maisha yake hakuwahi kutangaza neno ambalo hakuandikiwa.

"Mlezi Mkuu," alianza, "ninaomba jambo moja la desturi. Bibi Sihaba hakuonwa na mtu. Tangu tuanze ziara hii ninaonwa kila mahali, na ninaogopa Bibi mwenyewe hajapendezwa. Leo mbele yako tuifanye sawasawa. Tuamuru tufumbe macho, wote, mpaka kikohozi kisikike."

Mheshimiwa Kitojo alianza kutikisa kichwa, lakini Mlezi Mkuu alikuwa ameshasimama. Kilikuwa kipindi kirefu sana hajaliamuru taifa kufanya jambo rahisi namna hiyo, jambo ambalo hata hazina haikuhusika.

"Taifa!" alinguruma. "Fumba macho!"

Uwanja mzima ukafumba macho. Mawaziri wakafumba macho. Walinzi wakafumba macho, wapiga picha wakaziba kamera zao. Bendi iliendelea kupiga macho yakiwa yamefumbwa, kila mpigaji akaelekea alikojua mwenyewe. Kwa kuwa redio ilikuwa hewani, nchi nzima ilitii. Magari yalisimama barabarani. Vinyozi waliinua nyembe na kusubiri. Jikoni, kina mama walisikia harufu ya wali ukiungua, wakauacha uungue.

Bi Zamda akaikamata ile cherehani kwa mikono miwili, akashindwa kuinyanyua. Ilikuwa chuma tupu. Akakimbilia chini ya ngazi alikosimama Koplo Ngwembe, wima kama nguzo, macho kayafumba.

"Koplo," alinong'ona. "Nisaidie kubeba."

"Nimeamriwa kufumba macho, Bibi."

"Hujaamriwa kufumba mikono."

Koplo alilifikiria hilo. Alilipima kwa urefu na upana. "Ni kweli," alisema. "Basi nielekeze, nisijikwae."

Akaibeba cherehani begani, naye Bi Zamda akamshika mkono wa shati, wakatoka uwanjani kwa mlango wa nyuma. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu uliolowa maji ya bomba lililopasuka. "Mguu wa kulia. Sasa kuna jiwe. Ruka." Koplo aliruka. Walimpita muuza karanga aliyesimama na macho yamefumbwa, mkono wake ukilinda sinia dhidi ya watu ambao nao walikuwa wamefumba macho. Hakuna aliyewaona. Bi Zamda, ambaye maisha yake yote alitaka kuonekana, alijikuta anaomba Mungu wasionekane.

Mlango wa Asumini ulikuwa umefungwa. Ndani redio ilikuwa ikipiga ule muziki uliopotea njia. Koplo akaiweka cherehani kizingitini taratibu kama mtoto aliyelala. Bi Zamda akajifunika mdomo kwa upindo wa gauni, akakohoa, lakini si kile kikohozi cha redioni. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu yeyote. Kisha akamvuta Koplo, wakakimbia kama watoto, yeye kashika gauni na Koplo akiuliza, "Jiwe? Kuna jiwe?"

Kule uwanjani Mheshimiwa Kitojo alikuwa ameanza kukoroma. Bi Zamda alipanda jukwaani akihema, akajipanga mbele ya kipaza sauti, akavuta pumzi, akakohoa kile chenyewe.

Taifa likafumbua macho. Meza ilikuwa tupu.

Mlezi Mkuu akamgeukia waziri wake. "Kitojo. Cherehani iko wapi?"

"Mheshimiwa Mlezi, mimi nilikuwa nimefumba macho, kama ulivyoamuru."

"Mkuu wa usalama?"

"Nilifumba, Mlezi. Nilifumba kabla hujamaliza kuamuru."

"Mimi niliyabana mpaka yakatoa machozi," aliongeza Waziri wa Fedha, ingawa hakuulizwa.

Mlezi Mkuu aliutazama uwanja. "Kuna mtu yeyote aliyeona?"

Maelfu ya watu wakatikisa vichwa. Hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba alichungulia mbele ya kiongozi wa nchi. Mlezi Mkuu akageuka polepole, macho yake yakashuka mpaka kwenye viatu vya Bi Zamda, vile vyeupe, vilivyokuwa sasa na udongo mwekundu hadi vifundoni. Akavitazama. Bi Zamda akajiandaa kusema kwamba Koplo hakujua lolote.

Mlezi Mkuu alikohoa kidogo, jambo lililokuwa marufuku, na hakuna aliyemkamata.

"Ndugu wananchi," alisema, "Bibi Sihaba mwenyewe amepita."

Watu waliruka, wakakumbatiana, wakalia. Siku hiyo watu walikoholeana Neemani nzima mpaka jua likazama, na polisi, kwa kuwa hawakuelekezwa vinginevyo, nao wakakohoa. Mheshimiwa Kitojo alihamishiwa Wizara ya Upepo. Wizara ya Ukarimu haikufutwa, maana Neemani hawafuti wizara, lakini ilinyimwa gari.

Bi Zamda alirudisha gauni na kapu, akarudi kwenye kanga zake. Kesho yake alikwenda kwa Asumini. Alisikia mlio wa cherehani tangu nje. Mlango ulikuwa umezungukwa na wanawake, na Mama Selu ndiye aliyekuwa akiwapangia zamu, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwahi kumshuku Asumini hata siku moja. Mama mkwe alikuwa akigawa kahawa.

"Shoga, umeona maajabu!" Asumini aliita, mguu mmoja ukitingishika kwa furaha. "Nilisikia kikohozi mlangoni. Nikafikiri ni mtu ana mafua tu. Natoka, naiona hii!"

"Hukumwona aliyeileta?"

"Wapi! Laiti ningemjua. Wallahi ningemshonea gauni, ningemfukizia udi, ningemtangaza mji mzima."

Bi Zamda alifungua kinywa. Sauti ilikuwa pale pale kooni, ile nzuri, iliyokuwa ikinyamazisha nchi. Wanawake wote walikuwa wamegeuka kumtazama, wakingoja aseme. Akameza mate.

"Kweli, maajabu," alisema. Kisha akatoa kitambaa alichokuwa amekikunja kwapani, cha kijani chenye maua madogo. "Na mimi nimekuja unishonee kagauni. La kuvalia sikukuu, bado siku zenyewe hazijaisha."

Asumini alikitazama kitambaa, akautazama mstari wa watu, akacheka kwa huruma.

"Shoga yangu, nakupenda, lakini wewe umechelewa. Hawa wote walitangulia. Labda wiki ijayo, au ile nyingine. Kaa kule mwisho, nyuma ya Mama Selu."

Bi Zamda akaenda kule mwisho, akakaa, akapewa kahawa. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Akainywa yote, akaomba nyingine.